Kupanga safari ya pikipiki kutoka Dar es Salaam hadi Kigoma ukiwa umevuka miaka hamsini

Njia ninayoieleza hapa inaanzia Dar es Salaam, inapita Morogoro, Iringa, Mbeya na Tunduma, kisha inageukia kaskazini kupitia Sumbawanga na Mpanda hadi Kigoma, na urefu wake ni zaidi ya kilomita 1,600. Ipo njia nyingine fupi zaidi kupitia Dodoma na Tabora, ambayo ninaipendekeza kwa kurudi. Njia hii ndefu niliisafiri mwezi wa Julai nikiwa na umri wa miaka 54, kwa pikipiki ya cc 150 kama zile wanazotumia vijana wa bodaboda, na kwenda tu kulinichukua siku kumi, zikiwemo siku moja ya mapumziko kamili na nyingine ya mwendo mfupi. Kijana mwenye haraka anaweza kuimaliza kwa siku nne. Mtu wa rika langu naye akijikaza anaweza, lakini siku ya tatu na ya nne atakuwa anaendesha huku mwili umechoka na macho yameishiwa nguvu. Kwa sababu hiyo, maelezo yote yanayofuata yanasimama juu ya jambo moja: kadiria kwanza ni saa ngapi kwa siku mwili wako unakuwa mzima na akili yako inakuwa makini, kisha kilomita zifuate hesabu hiyo.

Mwili kwanza, pikipiki baadaye

Miezi mitatu kabla ya kuondoka, nenda hospitali upime presha, sukari na macho, na umwambie daktari waziwazi kwamba unajiandaa kukaa juu ya pikipiki kwa saa tano au sita kila siku. Macho usiyachukulie kijuujuu. Katika umri huu wengi wetu tunaona mbali vizuri lakini hatusomi tena maandishi madogo, na wengine tayari wana dalili za mwanzo za mtoto wa jicho bila kujua, kwa kuwa mchana wanaona sawasawa na usiku ndipo taa za magari zinawamwagikia machoni kama maji. Ukishaona dalili hiyo, kuendesha gizani kusiwemo kabisa katika mpango wako.

Kama unatumia dawa za presha, uliza kama ni zile zinazoongeza mkojo, kwa maana utalazimika kusimama mara kwa mara na kunywa maji zaidi kuliko ulivyozoea. Wapo wanaoacha kumeza dawa siku ya safari ili wasisumbuke njiani, na jambo hilo nalikataza kwa nguvu zote, kwa sababu presha ikipanda ukiwa katikati ya pori hakuna atakayejua kilichokuangusha. Uliza pia kuhusu dawa za mafua na za mzio, kwani nyingi zinaleta usingizi. Mwenye kisukari abebe kipimo chake, na peremende au glukosi aziweke kwenye mfuko wa shati, mahali ambapo mkono unafika bila kufungua mzigo. Insulini izungushiwe nguo katikati ya begi, mbali na injini na mbali na jua.

Baada ya hapo yafuate mazoezi. Tembea kwa miguu dakika arobaini kila siku, fanya zoezi la kuchuchumaa na kusimama, na uimarishe vidole kwa kuminya mpira mdogo, maana mkono wa klachi ndio unaolalamika kabla ya viungo vingine. Zaidi ya yote, jifunze kuinyanyua pikipiki iliyoanguka. Ya cc 150 ina uzito wa kilo 120 hivi, na ikiwa na mzigo inazidi. Ukiinama na kuivuta kwa mikono, unaweza kuumia mgongo palepale na safari yako ikaishia hapo. Zima injini, funga koki ya petroli, na kama imelalia upande wa kulia, toa stendi ya pembeni mapema ili isije ikapitiliza na kuangukia upande wa pili. Ipe mgongo, makalio yako yaegemee ukingo wa kiti, mkono mmoja ushike usukani na mwingine ushike keria, magoti yakunjwe na mgongo unyooke. Kisha sukuma kwa miguu huku ukirudi nyuma kwa hatua fupifupi, kama mtu anayesukuma kabati kwa mgongo. Fanyia mazoezi kwenye mchanga au juu ya godoro la zamani, mara nyingi, mpaka usihitaji kufikiri.

Safari ya majaribio

Wiki sita kabla, fanya mzunguko wa siku moja: Dar es Salaam, Bagamoyo, Msata, Chalinze, na kurudi. Ni takribani kilomita 270, barabara yote ni ya lami, na popote utakaposhindwa utapata msaada. Beba mzigo wote utakaobeba kwenye safari yenyewe. Mimi nilipofika Msata niligundua mambo mawili ambayo nisingeyajua nikiwa nyumbani: vidole viwili vya mkono wa kulia vilikufa ganzi, na niliposhusha mguu ili nisimame, mguu haukunitii, nikaegemea ukuta wa duka huku pikipiki ikinilalia kwenye paja. Tatizo la vidole lilitokana na usukani uliokuwa umeinuka mno, nalo fundi alilirekebisha kwa dakika kumi. Tatizo la mguu lilikuwa la kukaa saa mbili na nusu bila kushuka. Tangu siku hiyo nashuka kila baada ya saa moja, hata kama sijisikii kuchoka, natembea hatua mia moja, nanyoosha kiuno, nakunywa maji, kisha naendelea.

Msimu na hesabu ya siku

Nyanda za juu kusini na mikoa ya magharibi hupata mvua kuanzia Novemba au Desemba hadi Aprili, na Pwani ina masika kuanzia Machi hadi Mei. Ondoka kati ya katikati ya Juni na Septemba. Jiandae kwa baridi, kwa sababu Iringa, Mbeya na Sumbawanga ziko kwenye mwinuko wa zaidi ya mita 1,500, na asubuhi ya Julai pale Mafinga au Makambako si ya mtu aliyezoea joto la Dar es Salaam.

Kanuni niliyoifuata ni kuondoka kukishapambazuka, kumaliza mwendo saa nane mchana, na kutokuwa barabarani baada ya saa kumi kwa sababu yoyote isipokuwa dharura. Ukisafiri kwa kilomita 60 kwa saa, pamoja na vituo vya kila saa, kanuni hiyo inakupa kati ya kilomita 200 na 250 kwa siku bila kujitesa. Siku ya kwanza lala Morogoro, kilomita 190 tu, kwa sababu kutoka Dar es Salaam hadi Chalinze kuna msongamano wa magari unaochosha kuliko umbali wenyewe. Siku ya pili lala Mikumi mjini au Ruaha Mbuyuni, na siku ya tatu Iringa. Siku ya nne inakufikisha Makambako, na ya tano Mbeya. Pumzika Mbeya siku nzima ya sita, ufue nguo na fundi aitazame pikipiki. Siku ya saba vuka Tunduma ulale Laela au mji mwingine kabla ya Sumbawanga, siku ya nane ingia Sumbawanga mapema na ukae, siku ya tisa Mpanda. Kutoka Mpanda hadi Kigoma ni takribani kilomita 280, na hiyo ndiyo siku pekee niliyozidisha kipimo changu. Kama umechoka, igawe kwa kulala Uvinza.

Jambo moja wasafiri wengi hawalizingatii ni saa ya jua. Nchi nzima inatumia majira ya saa yaleyale, lakini Kigoma iko mbali sana magharibi, hivyo jua linachomoza huko karibu dakika arobaini baada ya kuchomoza Dar es Salaam. Saa kumi na mbili na nusu ya asubuhi, ambayo mwezi wa Julai ni mwanga Dar es Salaam, ni giza Mpanda. Sogeza saa yako ya kuondoka kadiri unavyokwenda magharibi.

Pikipiki na vifaa vyake

Pikipiki kubwa ya bei kali haihitajiki, na kwa mtu wa umri wetu ninaona ni mzigo: ni nzito ikianguka, na spea zake hazipo katika miji midogo kama Namanyere, kati ya Sumbawanga na Mpanda. Pikipiki ndogo ya kawaida ina fundi kila kijiji, na waya wa klachi, plagi na tyubu zake zinauzwa hata dukani kwenye sabuni na sukari. Wiki mbili kabla ya kuondoka, ifanyiwe sevisi kamili: oili mpya, plagi mpya, kichujio cha hewa kisafishwe, breki zikaguliwe, beringi za magurudumu zitikiswe kuona kama zina mchezo, yaani zimelegea, spoku zikazwe, na tairi la nyuma libadilishwe kama limeanza kulala katikati. Cheni na sproketi zake, yaani magurudumu ya meno yanayoizungusha, zibadilishwe pamoja kama zimechakaa, kwa maana cheni mpya juu ya sproketi iliyochongoka haidumu. Baada ya hapo usiende moja kwa moja safarini. Itumie kwa kilomita mia mbili au tatu mjini, kwa kuwa kosa la fundi hujitokeza ndani ya umbali huo. Fundi mmoja niliyemwamini alisahau kukaza nati ya ekseli ya nyuma, na nilishukuru kuligundua jambo hilo nikiwa bado karibu na nyumbani.

Kila asubuhi kabla ya kuwasha, kagua cheni. Iweke pikipiki kwenye stendi kubwa, shika cheni katikati ya sproketi mbili kwa kidole, ipandishe na kuishusha. Mchezo wake uwe wa sentimita mbili hadi tatu. Zungusha gurudumu polepole na upime tena mahali pengine, kwa sababu cheni iliyochoka hukaza upande mmoja na kulegea upande mwingine, na ukiikaza kwa kufuata mahali palipolegea utaivunja. Ipake oili jioni ikiwa bado ina joto, si asubuhi, ili oili iingie ndani na isirukie tairi. Bonyeza pia tairi zote mbili, tazama kiwango cha oili, jaribu taa na honi. Kazi hii yote ni ya dakika saba.

Kwenye mwinuko hewa ni nyepesi, hivyo injini ya kabureta hupata petroli nyingi kuliko hewa na nguvu hupungua. Usimruhusu fundi wa njiani achokonoe kabureta kwa sababu hiyo peke yake, kwani ukishuka kuelekea Kigoma itarudi katika hali yake yenyewe. Beba tyubu mbili, viraka na gundi, pampu ndogo, vyuma viwili vya kutolea tairi, spana za saizi ya nati zako, plaizi, waya wa klachi, plagi moja, balbu ya taa ya mbele, kiungo cha cheni, na nusu lita ya oili. Petroli ya akiba, lita tano, ibebwe kuanzia Sumbawanga, kwa kuwa baada ya hapo vituo vinaachana, na petroli ya kwenye chupa kando ya barabara wakati mwingine imechanganywa na mafuta ya taa.

Mzigo wote usizidi kilo kumi na tano, ukae chini na mbele kadiri inavyowezekana, kwenye mifuko ya pembeni, si kwenye mnara nyuma ya mgongo wako. Helmeti iwe ya kufunika uso wote. Vaa buti, glavu na koti nene, na chini ya koti weka gazeti kifuani asubuhi ya Makambako. Ni ujanja wa zamani wa madereva, na mimi umenisaidia kuliko sweta.

Nyaraka, fedha na watu wa nyumbani

Leseni yako iwe na daraja la pikipiki na isiwe inakaribia kuisha. Beba kadi ya pikipiki, bima, kitambulisho na kadi ya bima ya afya, na nakala zake zibaki kwa mtu wa nyumbani. Bima ndogo inawalipa wengine tu, kwa hiyo kama pikipiki ni mali unayoitegemea, fikiria bima kubwa. Petroli ni rahisi kukadiria: kwa pikipiki inayokwenda kilomita 40 kwa lita, kwenda ni lita 42 hivi. Zidisha kwa bei kikomo ambayo EWURA, mamlaka inayodhibiti huduma za nishati na maji, huitangaza Jumatano ya kwanza ya kila mwezi, ongeza malazi na chakula, kisha ongeza theluthi moja ya jumla hiyo kwa ajili ya yasiyotarajiwa.

Mazungumzo na mwenzi wako na watoto yafanyike mapema, kabla hujanunua hata kiraka kimoja. Katika umri huu wapo wanaokutegemea, na wana haki ya kusikia unakwenda wapi, utalala wapi kila usiku, na nini kifanyike usipopatikana. Mke wangu alikataa kwa mwezi mzima, na hoja zake ndizo zilizonipa kanuni ya saa kumi. Tulikubaliana nipige simu mara mbili kwa siku, saa sita mchana na nikishafika, na kwamba nisipopatikana mpaka saa mbili usiku aanze kuwapigia watu wa nyumba ya wageni niliyomwandikia. Namba ya dharura ya polisi ni 112, na hospitali kubwa za kuweka akilini ni Hospitali ya Rufaa ya Kanda ya Mbeya, na Maweni kwa upande wa Kigoma.

Mahali pa kuwa makini njiani

Kati ya Morogoro na Mikumi barabara kuu inakatiza ndani ya hifadhi kwa takribani kilomita hamsini. Ingia baada ya saa mbili asubuhi, wanyama wakiwa wameshatulia, fuata mwendo ulioandikwa kwenye vibao, na usishuke kupiga picha. Ukikuta tembo kando ya barabara, simama mbali, injini ikiwa inanguruma, usubiri gari kubwa lipite kwanza kisha ulifuate kwa nyuma.

Mlima Kitonga, kabla ya Iringa, uupande asubuhi, ukiwa na nguvu. Malori yanapanda kwa mwendo wa kobe, na kishawishi cha kuyapita kwenye kona ni kikubwa. Usifanye hivyo hata mara moja, kwa sababu yanayoshuka kutoka juu huenda breki zimeshachemka na yanahitaji upande wako pia. Kaa kwenye gia ya pili au ya tatu, nyuma kabisa ya lori, mbali na moshi wake, na ukifika juu pumzisha injini robo saa. Kutoka Iringa hadi Makambako adui ni upepo wa ubavuni: basi linapokupita linaukinga upepo ghafla na kukuvuta kwake, kisha likishapita upepo unakusukuma nje ya lami. Punguza mwendo unapoliona kwenye kioo, legeza mabega, na ushike tangi kwa magoti.

Kosa langu kubwa nililifanya baada ya Tunduma. Malori ya mpakani yalinichelewesha saa mbili, na badala ya kulala pale pale kama nilivyojiwekea, nilisema Laela si mbali. Saa moja kasoro jioni, jua likiwa limezama na vumbi limetanda juu ya barabara, niliona kitu cheusi mbele yangu nikadhani ni kivuli cha mti. Kilikuwa mkokoteni wa ng'ombe uliojaa mahindi, hauna taa wala kioo cha kuakisi mwanga, na mtoto wa miaka kumi hivi amekaa juu ya magunia. Nilifunga breki, gurudumu la nyuma likateleza, nikasimama mahali ambapo ningeweza kuligusa gunia kwa mkono. Mtoto yule alinisalimia, "Shikamoo." Nilishindwa kuitikia mara moja. Kijana wa miaka ishirini na mitano pengine angeuona mkokoteni ule sekunde moja kabla yangu, na sekunde ile moja mimi sina tena. Tangu siku ile, nikicheleweshwa nalala palepale.

Kabla ya Mpanda barabara inapita ndani ya Hifadhi ya Katavi, na huko kuna mbung'o. Usivae bluu wala nyeusi: mitego ya mbung'o hushonwa kwa vitambaa vya rangi hizo kwa sababu ndizo zinazowavuta. Funga mikono ya koti, shusha kioo cha helmeti, na usisimame bila sababu. Waulize madereva wa Kibaoni hali ya barabara siku hiyohiyo, na ukifika Sitalike usisogee mtoni, viboko wapo wengi.

Kigoma na kurudi

Ukifika Kigoma kaa siku tatu kamili. Badilisha oili, geuza cheni uikague kiungo kwa kiungo, na uende Ujiji kwa daladala, mwili upumzike na kiti. Kurudi kupitia Uvinza, Kaliua, Tabora, Manyoni na Dodoma kunahitaji kubadilisha ratiba ya asubuhi. Ulipokuwa unakwenda magharibi jua la asubuhi lilikuwa mgongoni, na la alasiri ndilo lingekupiga machoni kama usingekuwa umeshafika. Sasa unaelekea mashariki, na jua linalochomoza litakaa mbele ya helmeti yako kwa zaidi ya saa moja, likikuficha mashimo, ng'ombe na magari yanayokuja. Lala ukiwa umeshajaza tangi, kunywa chai yako taratibu, na uondoke saa mbili na nusu, jua likiwa limepanda juu ya ukingo wa kofia.